Jiwe Juu ya Kisahani

Hatem alimletea kiti kabla hajaomba.

“Kaa, Bi Nasriya. Nimeona unavyoshuka garini. Goti?”

“Goti,” alijibu Naqib Nasriya, mpelelezi wa polisi, akakaa.

Dereva wake alikuwa akimwendesha tangu mwaka jana na hajapata kuliona goti lile. Hatem, meneja wa kampuni ya kuchimba madini, aliliona akiwa mlangoni mwa ghala. Ndivyo alivyokuwa. Nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, wapakiaji wa Kibangali walikuwa wakinywa maji baridi aliyowatolea garini mwake, na alipowapa alimwita kila mmoja kwa jina lake.

Ghala lilikuwa Rusayl, katikati ya viwanda, na joto lake lilikuwa la bati. Mbele ya Nasriya, juu ya meza, liliwekwa sanduku refu la mbao lisilo na kifuniko. Ndani yake mlilazwa mawe meusi ya duara, membamba kama michi ya kutwangia. Mashine ikitoboa mlima huyatoa mawe hayo kutoka chini, na mtaalamu wa miamba huyapanga sandukuni kwa mfuatano ule ule yaliokuwa nao ardhini. Kisha huandika juu ya kila moja namba ya shimo na kina lilikotoka. Haya yaliandikwa shimo la saba.

Aliyekuwa akiyapanga ni Amur bin Khalfan. Sasa alikuwa marehemu. Gari lake lilibingirika kwenye barabara ya mlimani wakati akitoka kazini, na hakuna mkono wa mtu katika ajali ile. Lakini kiasi cha mwezi baada ya mazishi walikuja wageni waliotaka kuununua mgodi, wakaja na mtaalamu wao, kijana aitwaye Loay. Loay alilitazama sanduku hili, akasema mawe haya hayakutoka katika mlima ule. Mtu ameyatoa mawe ya kweli, yasiyo na kitu, akaweka mengine yenye madini mengi.

Kampuni haikubisha. Ilisema aliyefanya hivyo ni Amur.

“Marehemu hashtakiwi, Nasriya,” Raid Sinan, mkuu wake wa polisi, alimwambia asubuhi ile. “Andika jina lake, tufunge faili.”

“Ana mke, sidi.”

“Mke hakuna aliyemtuhumu.”

Alimpa mpaka Alkhamisi.

“Ufunguo wa ghala ulikuwa mmoja tu?” Nasriya alimuuliza Hatem.

“Mmoja. Alikuwa nao Ammi Amur. Ulirudi kwangu siku ya mazishi, pamoja na saa yake na simu yake.”

“Na unadhani aliyabadilisha lini?”

“Wiki yake ya mwisho. Alikuwa akibaki hapa peke yake, mie nikidhani mtu anaipenda kazi yake.” Hatem aliutazama mkono wake. “Simlaumu. Yeye ndiye aliyenifundisha, nilikuja hapa sijui hata jiwe na jiwe. Mwenyezi Mungu amsamehe.”

Simu yake ililia, akaomba ruhusa, akatoka nje.

Nasriya alimgeukia Loay, ambaye alikuwa amesimama upande wa pili wa meza na kioo cha kukuzia kikimning'inia shingoni.

“Haya, mwalimu. Niambie kama unavyomwambia bibi yako. Umejuaje?”

“Bibi yangu amekulia Tabora. Angeniuliza kwanza kama nimekula.”

“Umekula?”

“Sijala.”

“Basi sema kwanza, utakula baadaye. Na useme taratibu, Kiswahili chenu cha bara kinakimbia.”

“Chenu cha Unguja ndo kinalala,” alisema Loay, na wote wawili wakacheka kidogo. Kisha akachukua jiwe moja, akalimwagia maji ya chupa ili mistari yake ionekane.

“Pale penye mlima palikuwa bahari. Zamani mno, hata samaki hawajakuwapo. Maji ya chini kabisa yalikuwa yametulia, hayana hewa. Mwani ulikuwa ukiishi juu, ukifa unazama, unaoza, tope linakuwa jeusi. Ungesimama pale ungesikia harufu ya yai bovu. Hiyo ni salfa. Salfa ikikutana na chuma inakikamata, kwa hivyo mawe meusi yana vichembe vinavyong'ara kama dhahabu. Si dhahabu.”

“Na zinki mnayoitafuta?”

“Zinki na risasi zilikuja na maji ya moto yenye chumvi, kutoka chini zaidi, kwenye nyufa. Chuoni tulifundishwa kwamba maji yale yalitokeza kwenye sakafu ya bahari, madini yakashuka kutoka juu kama vumbi linavyotua mezani. Siku hizi, kwa machimbo mengi ya namna hii, wengi wetu tunaona vingine. Maji ya moto yaliingia ndani ya tope lenyewe, likiwa laini bado. Mle ndani yalikuta madini mengine, meupe, mazito, yamekwisha kaa. Yakayayeyusha yale meupe. Zinki ikakamatwa na salfa, ikakaa pale pale, kwa umbo lile lile. Ukitazama bila kioo unadhani ndiyo iliyokuwapo tangu mwanzo.”

“Mgeni kakaa kwenye kiti cha mwenyewe.”

“Na nguo zake kavaa.”

Nasriya alilitazama jiwe. “Sasa hili kosa lake nini?”

“Madini yakiingia kwenye tope laini yanalala baina ya tabaka, kama samli kwenye chapati. Kama kichembe kilitangulia, tabaka zinapinda kukizunguka. Ona hapa.” Kidole chake kilifuata mstari mweupe uliojaa vimeta, ukilikata jiwe kutoka upande hadi upande. “Huu mshipa umepita kama kisu. Tabaka hazikupinda, zimekatwa. Jiwe lilikuwa gumu tayari. Mashimo mengine yote ya mlima ule nimeyaona, hayana kitu kama hiki. Hili limetoka mlima mwingine kabisa.”

Nasriya aliinuka, goti likamuuma, akayatoa mawe sandukuni moja moja na kuyapanga mezani. Chini ya mawe mbao ilikuwa na madoa ya manjano na ya kutu, kila doa na umbo lake. Mahali pengine mbao ilikuwa imelika.

“Na hii ni nini?”

“Jasho la mawe meusi. Vile vichembe vya chuma na salfa havipendi unyevu wetu huu. Vinaharibika, vinatoa unga wa manjano, unga unakula mbao.”

“Lakini mawe haya hayana unga.”

Loay alilipindua moja, akapitisha kidole tumboni mwake. Kidole kilirudi safi.

“Hayana,” alisema. “Mbao imeumwa na mawe mengine, muda mrefu. Haya yameingia juzijuzi.”

“Juzi ya kabla Amur hajafa, au ya baada?”

“Mbao haisemi hilo, Bi Nasriya.”

“Na yale ya mwanzo yatakuwa wapi?”

“Ningekuwa mimi, ningeyamwaga wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Jiwe jeusi katikati ya mawe, nani atalijua?”

Hatem alirudi na sambusa kwenye karatasi, za moto. “Loay, wewe toka asubuhi hujatia kitu mdomoni,” alisema.

*

Wapelelezi wanaume walikuwa wameishia mlangoni kwa Bi Bakhita, mke wa Amur. Alikuwa edani. Hakai na mwanamume asiye maharimu wake, na anayekuja kumpa pole husema naye nyuma ya pazia. Walimuuliza mambo mawili matatu kwa simu, wakaandika kwamba hajui kitu. Nasriya alivua viatu, akaingia.

Nyumba ilikuwa Ghubra, ghorofa ya chini. Shariffa, dada yake mfiwa, alileta tende na kahawa, akakaa karibu na mlango kama mlinzi. Bi Bakhita alikaa kwenye godoro dogo pembeni mwa msala wake, kanga nyeupe kichwani, hana hata pete.

“Nimesikia wanavyosema,” alianza mwenyewe. “Mie sitaki kitu kingine, mwanangu. Eda itakwisha, ntatoka. Ntakwenda harusini, ntakwenda matangani. Kila ntakapoingia watu watanyamaza. Nataka nikitoka, nitoke na jina lake. Waseme hakufanya. Hilo tu.”

“Ndilo lililonileta, Khalti,” alisema Nasriya, akimwita kwa heshima kama mama yake mdogo.

“Kunywa kahawa.”

Nasriya alikunywa. Alipoinua macho juu ya kikombe aliona, kwenye meza ndogo kando ya msala, kisahani cheupe chenye maua ya buluu, na juu ya kisahani jiwe jeusi la duara, urefu wa kiganja. Mwandiko wa kalamu nyeupe ulipita ubavuni mwake. Kuzunguka jiwe, kisahani kilikuwa na unga wa manjano.

“Nimemwambia alitupe,” alisema Shariffa. “Linanuka yai bovu. Watu wanafukiza udi, sie tunafukiza mayai.”

“Muache dada yangu na pua yake,” alisema Bi Bakhita.

Nasriya alisogea akasoma. Shimo la saba. Chini yake kina, kwa tarakimu nzuri zilizonyooka. Alikitikisa kikombe, ishara ya kutosha, akakiweka chini.

Jiwe la kweli la shimo la saba lilikuwa ndani ya nyumba ya mtuhumiwa. Raid Sinan angeliona, angefunga faili akiwa amesimama.

“Jiwe la nani hili, Khalti?”

“La Amur.”

“Alilileta lini?”

“Amur? Amur hakupata kuleta jiwe hapa maisha yake. Alijua ntampigia kelele za vumbi.” Bi Bakhita alitabasamu, na tabasamu likakaa kidogo baada ya maneno kwisha. “Kalileta Hatem.”

Nasriya alirudi akakaa. “Nihadithie.”

“Siku ya tatu ya matanga. Alikuja, akasimama pale nyuma ya pazia, akanipa mkono wa pole kwa maneno. Mie nililia. Nilimwambia, mwanangu, Amur kaondoka asubuhi nimelala, hata salamu hatukupeana. Huna kitu chochote cha kazi yake, alichokishika kwa mkono wake? Akanyamaza. Nikasikia anatoka. Nikasema nimemuudhi. Kumbe kaenda garini. Karudi na hili.”

“Alisema amelitoa wapi?”

“Alisema hivi: ‘Khalti, hili nimelitoa mwenyewe leo asubuhi kwenye sanduku lake la mwisho, pale pale alipoliweka yeye.’ Maneno hayo hayo. Mie ndiyo yaliyonilaza usiku, siku zote hizi.”

“Nimeyasikia na mie,” alisema Shariffa. “Mie ndiye niliyelipokea jiwe kwenye pazia. Hata mikono ilininuka.”

“Leo asubuhi,” alirudia Nasriya. “Siku ya tatu.”

“Siku ya tatu. Palikuwa na watu, kila mtu anaijua siku ya tatu.”

Nasriya alizihesabu siku kwa vidole. Kisha aliomba jiwe.

Mkono wa Bi Bakhita ulikuwa umekwisha fika juu yake. “Litarudi?”

“Litakwenda mbali kidogo, Khalti. Sitaki kukudanganya.”

Mfiwa alilitazama, akavua kanga aliyojitandia magotini, akalifunga jiwe kwa utaratibu, akalitoa. “Msilioshe,” alisema. “Maandishi yake yatafutika. Na ukimuona Hatem mwambie nnamuombea. Kila sala nikimaliza, namtaja, baada ya Amur na kabla ya wanangu.”

Kabla ya magharibi Loay alimpigia simu kutoka Rusayl. Alikuwa ameliweka jiwe juu ya madoa ya sanduku, moja baada ya jingine.

“Doa la nne,” alisema. “Lina pembe iliyovunjika, na doa lina pembe iliyovunjika. Limekaa kama mguu kwenye ndara yake. Na lina tabaka zilizopinda, Bi Nasriya. Ndilo lenyewe.”

*

Ofisi ya Hatem ilikuwa Ruwi, juu ya duka la simu. Alimmiminia Nasriya chai mwenyewe na kumsogezea mto wa kuegemea.

“Nimetoka kwa Bi Bakhita jana,” alisema Nasriya. “Anakusalimu. Anakushukuru kwa lile jiwe.”

Uso wa Hatem ulilainika. Ulikuwa ulaini wa kweli. Nasriya alikuwa amewaona wengi wakijifanya, na huu haukuwa huo.

“Maskini. Bado analo?”

“Alikuwa nalo kando ya msala. Ulilitoa wapi?”

Chai ya Hatem ilisimama karibu na mdomo. Alikunywa, akaweka kikombe.

“Mezani pake. Ofisini. Alikuwa na mawe mengi mezani.”

“Maandishi yanasema shimo la saba.”

“Basi. Ndiyo hayo aliyoyatoa sandukuni alipobadilisha. Akabaki nalo moja mezani. Mie nitajuaje?” Alitikisa kichwa polepole. “Unaona? Hata hilo linamshitaki zaidi. Sikutaka kulisema.”

“Ulipompa ulimwambia maneno gani?”

“Nani anakumbuka maneno ya matangani?”

“Yeye anakumbuka. Na Shariffa anakumbuka.” Nasriya aliyasema taratibu, kwa sauti ile ile aliyoyasikia: “‘Hili nimelitoa mwenyewe leo asubuhi kwenye sanduku lake la mwisho, pale pale alipoliweka yeye.’”

Chini barabarani basi lilipiga honi. Hatem alikuwa akiitazama simu yake ya mezani kama inayotaka kulia.

“Nilisema ili kumpoza.”

“Najua. Wakati huo hakuna aliyekuwa amemtuhumu Amur kwa lolote. Hukuwa na sababu ya kusema uongo, ukasema kweli. Siku tatu baada ya kuzikwa kwake, jiwe la kweli lilikuwa bado mahala pake sandukuni, na ufunguo ulikuwa kwako. Aliyebadilisha si yeye.”

“Neno la wanawake wawili wafiwa.”

“Na sanduku. Jiwe nimelirudisha kwenye doa lake, limekaa. Na gari lako liko chini, vijana wangu wanalifungua sasa hivi. Mawe yale yanatoa unga, Hatem. Zulia la gari halioshwi likawa kama zamani.”

Hatem aliinuka, akaenda dirishani. Chini kule gari lake jeupe lilikuwa limefunguliwa nyuma, na polisi mmoja alikuwa ameinama ndani. Hatem alirudi, akakaa kwenye kiti cha wageni, si chake.

“Mlima ule hauna kitu,” alisema. “Ammi Amur alishaniambia. Kaniambia, mwanangu, hapa bahari ilifanya kazi yake, tope likafanya kazi yake, lakini maji ya moto hayakuja. Basi. Alikuwa anakwenda kuliandika hilo. Mie nilikwisha waahidi watu.”

“Kisha akafa.”

“Kisha akafa.”

“Na siku ya tatu ulikuwa na mawe yote garini.”

“Yote. Nilikuwa njiani kwenda wadini. Nikasema, nipite kwanza nimpe Khalti pole, ni njia moja. Nikasimama nyuma ya pazia.” Alifuta uso kwa kiganja. “Hukumsikia alivyolia, Bi Nasriya. Mimi sikupata kumsikia mtu mzima akilia vile. Aliniomba. Ningemwambiaje sina, na mawe yapo mlangoni? Niliteremka nikafungua gari. Nikatafuta.”

“Ukatafuta?”

“Lenye mwandiko mzuri. Mengine yalikuwa yamefutika. Nilitaka apate lenye mwandiko wake.”

Nasriya alikunja daftari lake ambalo hakuandika kitu ndani yake. “Ungechukua lililofutika,” alisema, “tusingekuwa hapa.”

“Najua.”

“Na baadaye wageni walipogundua, ukamtwisha yeye.”

“Alikuwa amekufa,” alisema Hatem. Kisha, kwa sauti ndogo: “Nilidhani hayamuumi.”

“Ana mke.”

Hatem alivisogeza vikombe vya chai kando. Polisi alipopanda ngazi na kuingia, aliinuka mwenyewe, na kabla ya kutoka alimwambia karani wake wa nje asisahau kuwapelekea maji wapakiaji wa Rusayl, leo joto ni kali.

*

Bi Bakhita alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Shariffa alikatiza mara mbili, kwa laana.

“Kesho wataandika kwamba Amur hakufanya kitu,” Nasriya alimaliza. “Mkuu wangu ameniahidi, na kampuni itawaandikia wale wageni. Ukitoka eda, utatoka na jina lake.”

“Alhamdulillahi,” alisema mfiwa. Hakukuwa na furaha katika neno lile, lilikuwa kama mtu anayepokea mzigo wake bandarini na kuukuta umelowa.

Baadaye akauliza: “Alikuwa anakwenda kuyatupa?”

“Ndiyo, Khalti.”

“Akateremka kwa ajili yangu.”

“Ndiyo.”

“Bila ya lile jiwe mngempata?”

Nasriya aliitazama meza ndogo. Kisahani kilikuwa bado pale, maua yake ya buluu na mduara wa manjano katikati, na ndani ya mduara peupe, mahali jiwe lilipokuwa.

“Tusingempata.”

“Ana mama yake?”

“Anaye. Yuko Mabela.”

“Usimuulizie mama yake!” alisema Shariffa. “Kamzika shemeji mara mbili yule, kwa mchanga na kwa maneno. Acha hata hiki nikakioshe.” Alinyoosha mkono kuchukua kisahani.

“Kiache,” alisema Bi Bakhita.

“Kinanuka, dada.”

“Kiache.”

Adhana ya magharibi ilianza, msikiti wa karibu kwanza, kisha wa ng'ambo ya barabara. Nasriya aliaga, akasali ukumbini. Goti lilikuwa limekaza, na hapakuwa na kiti mlangoni, ikamchukua muda kuvaa viatu. Alikuwa bado anahangaika na kifungo cha pili wakati Bi Bakhita alipomaliza sala na kuinua mikono.

Sauti ilimfikia wazi kupitia pazia. Mfiwa alimuombea Amur, kwa jina lake na la baba yake. Kisha akanyamaza, muda wa kutosha jina moja kupita.

Halafu akaanza kuwataja wanawe.